Siku Kulwa Alipohamishwa

Harufu ya grisi iliyochanganyika na moshi wa dizeli bado inanitoa machozi, na watu huwa hawanielewi. Mwezi uliopita lori refu la kubebea mitambo lilipasuka tairi karibu na kibanda changu cha kushonea nguo, hapa Majengo, Mpanda. Mgongoni lilikuwa limebeba kijiko, ule mtambo wa kuchimbia wenye mkono mrefu wa chuma. Wakati wenzake wanahangaika na tairi, kijana mmoja alipanda juu na bomba la grisi akaanza kujaza kwenye maungio ya ule mkono. Upepo ukaileta harufu mpaka mezani kwangu. Nilikuwa nakata gauni la komunyo la mtoto wa jirani. Nikaweka mkasi chini, nikajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mama, unaumwa?" binti yangu akaniuliza.

Nikamwambia hapana. Ningemwambia nini? Kwamba harufu hiyo ilinikuta nikiwa na miaka saba, na kwamba kwa siku mbili nzima ilikuwa harufu ya furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo?

Tulikuwa tunakaa Kakese, nje kidogo ya mji. Wazazi wangu ni Wasukuma. Walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini kabla sijazaliwa, wakitafuta malisho, na walipoona udongo wa Kakese unavyokubali mpunga, Baba akasema inatosha. Alijenga nyumba kwenye kona, pale barabara ya vumbi ilipopinda ghafla kukwepa mwamba. Upande mmoja wa kona ulikuwa mwamba, mweusi na mkubwa kama kanisa. Upande wa pili ulikuwa uwanja wetu.

Mimi ni Doto, kwa hiyo yeyote anayeyajua majina ya mapacha anajua kwamba kulikuwa na Kulwa aliyenitangulia. Alinitangulia kuzaliwa, akanitangulia na kuondoka. Tulikuwa na miaka mitano homa ilipompata, wakati wa masika. Baba alimfunga mgongoni kwa khanga ya Mayu, ndivyo tulivyomwita mama yetu kwa Kisukuma, akapanda baiskeli kumpeleka zahanati. Mto ulikuwa umejaa. Baba alisubiri ukingoni mpaka maji yapungue, na yalipopungua hapakuwa tena na haja ya kuvuka. Alirudi akiikokota ile baiskeli, na mgongoni Kulwa alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyelala.

Walimzika uwanjani, karibu kabisa na barabara, kwa sababu hapo ndipo alipopenda kukaa akisalimia wapita njia. Kila asubuhi Mayu alifagia uwanja, na ufagio wake ulianzia kaburini. Watu wazima waliniambia Kulwa amelala. Wengine wakasema amekwenda kwa Mungu. Lakini mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu alipowekwa, nikajitengenezea maelezo yangu mwenyewe: Kulwa yuko palepale chini, na hatoki kwa sababu udongo ni mzito. Siku moja nilijaribu kuufukua kwa kigae cha chungu. Mayu alinikuta nimefika kina cha kiwiko. Hakunichapa. Aliurudisha udongo kiganja kwa kiganja, kisha akaniosha mikono, akaniosha tena, mpaka maji ya kwenye beseni yakawa meupe.

Masika mawili yalipita. Kiangazi kilichofuata, mitambo ikaja.

Kwanza lilikuja greda, likakwangua barabara mpaka ikawa nyekundu kama kidonda. Nyuma yake kikaja kijiko. Sisi watoto tulikuwa hatujawahi kuona kitu kama hicho. Kilitembea kwa minyororo, kikageuza kiuno bila kugeuza miguu, na mwisho wa mkono wake kulikuwa na bakuli la chuma lenye meno. Dereva wake aliitwa Chande, kijana mwembamba mwenye lafudhi ya Pwani, anayesema "tafadhali" hata kwa watoto. Mbele ya shamba letu kulikuwa na kisiki cha mninga ambacho Baba alikuwa amekifunga minyororo miaka na miaka, akakivuta kwa ng'ombe wanne, kisitikisike. Chande alishusha mkono ule mara mbili tu. Kisiki kikatoka na mizizi yake yote, udongo unadondoka, na mahali kilipokuwa pakabaki wazi. Nilisimama pale mdomo wazi. Niliwaza kitu kimoja tu. Kumbe ipo nguvu ya kutoa kitu chochote ardhini.

Siku chache baadaye wakaja wageni wawili. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye tulimfahamu. Wa pili alikuwa msimamizi wa barabara, mtu mnene mwenye kofia ngumu ya njano, anayejifuta jasho kila neno. Baba aliwapa viti. Mimi nilikuwa pembeni ya ukuta nachambua dagaa.

"Ngosha," mwenyekiti akaanza, kwa lile jina wanaloitwa wanaume wote wa Kisukuma, "hii barabara inatengenezwa kwa ajili ya mtambo unaokwenda kule mgodi mpya unakojengwa. Ni kinu cha kusagia mawe ya dhahabu. Pipa la chuma, mzee, nyumba yako inaingia ndani na zizi juu yake."

"Umetoka bandarini, wiki ya tano hii uko njiani," msimamizi akasema. "Trela lake ni refu sana. Kona zote limepita. Hii ya kwako ndiyo imetushinda kwenye vipimo. Huku mwamba, huku…" Akaangalia kaburi.

Baba naye akaangalia kaburi.

"Tunaomba mtoto ahamishwe," mwenyekiti akasema polepole. "Kwa heshima zote. Katekista atakuwepo, sanda mpya itakuwepo. Utachagua mwenyewe pa kumpeleka."

Baba aliokota kijiti akaanza kuchora chini. Alikuwa mtu wa kukubaliana na watu. Tulikuwa wageni katika nchi ile, na mgeni mwenye ng'ombe hujifunza mapema kutobishana na mwenye kiti. Mwisho akasema, "Sawa. Mimi siwezi kufunga njia ya wote."

Mayu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu. "Nyie mnasema nini? Huyu mtoto alishazikwa. Mtu anazikwa mara moja."

"Mama, elewa…"

"Sielewi. Na sitaki kuelewa."

Jioni, wakati wa kukamua, niliwasikia zizini. Mayu alikuwa anasema kwa Kisukuma, haraka haraka, kwamba Baba alishindwa kumvusha mtoto mto, na sasa anashindwa kumlinda hata kwenye shimo. Nilisikia maziwa yakigonga ndoo, kisha yakaacha kugonga. Kesho yake asubuhi na mapema Mayu alikwenda tena zizini. Hakukaa. Alipotoka alisema tu, "Nimekubali, wamtoe," akaenda kuchota maji. Niliona ameshindwa, kama mama wengi wanavyoshindwa.

Lakini mimi nilikuwa nimesikia neno moja. Wamtoe.

Siwezi kueleza vizuri furaha niliyokuwa nayo. Kila mahali palinuka grisi na dizeli siku hizo, na mimi niliivuta ile harufu kama harufu ya wali wa sikukuu. Kulwa anatoka. Kile kitu kilichong'oa mninga kimekuja kumtoa Kulwa. Nilikwenda kwenye sanduku la bati nikatoa shati lake, lile la bluu lenye mfuko mmoja, nikalifua kwa kipande cha sabuni nilichokificha, nikalianika kwenye majani. Lilipokauka, nikapata wasiwasi. Gauni langu la wakati ule lilikuwa halinitoshi tena, na sisi tulikuwa kimo kimoja. Je, shati litamtosha?

Mchana wa siku ya pili nikamfuata Chande. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mtambo wake akila viazi vitamu alivyopewa na majirani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu kiazi."

"Kesho ndio unamtoa Kulwa?"

"Kulwa ndio nani?"

"Pacha wangu. Yuko pale." Nikamwonyesha. "Umtoe polepole. Mkono wako una meno."

Chande alikuwa na kiazi kinywani. Aliacha kutafuna.

"Nani kakwambia mimi namtoa?"

"Mwenyekiti kasema anatolewa. Nimeshafua shati lake."

Aliniangalia mpaka nikaona haya. Kisha akainuka, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kwa msimamizi aliyekuwa anapima barabara kwa kamba. Hawakuniona nilivyowafuata kwa nyuma.

"Bosi, lile kaburi sitii mashine."

"Chande, ni kaburi la mtoto. Dakika tano hazifiki."

"Basi panda wewe."

"Unataka kazi au hutaki?"

"Kazi naitaka. Ila pale patachimbwa kwa jembe, na nitachimba mimi. Mashine sitii, tafadhali."

Mimi nilikasirika. Nilimwona mwoga. Kwa jembe watachukua siku ngapi?

Asubuhi iliyofuata walikuja watu wachache. Katekista, mzee wa Kipimbwe mwenye sauti nyembamba, alisoma sala ingawa sisi hatukuwa wa kanisa lake wala la yeyote. Sisi watoto tulifungiwa nyumbani kwa jirani, chini ya ulinzi wa bibi mmoja aliyekuwa na usingizi mwingi. Nilisubiri kichwa chake kianguke kifuani. Kilipoanguka nikapita dirishani, shati la bluu likiwa kwapani.

Baba na Chande walikuwa ndani ya shimo, wanaonekana mabega tu. Mmoja akichimba, mwingine anatoa udongo. Baadaye wakaacha majembe wakaanza kutumia mikono. Baba akasema kitu kwa sauti ya chini, na katekista akateremsha shuka jeupe jipya. Walikaa kule chini muda mrefu wameinama. Halafu Baba akapanda na mzigo mikononi.

Ulikuwa mdogo. Mtoto wa mbuzi ni mkubwa kuliko ule mzigo. Niliangalia nyuma ya Baba, nikiamini Kulwa mwenyewe anafuata.

"Nipe," Mayu akasema.

"Kaa tu, mama Doto. Nitambeba mimi."

"Nipe mtoto wangu."

Wanawake wawili walisogea kumshika, akawatazama, wakarudi nyuma. Akakaa chini kwenye ule udongo uliochimbuliwa, miguu ameinyoosha mbele, kama mama anayetaka kunyonyesha. Baba akamwekea lile shuka mapajani. Hakulia. Aliinama akawa anaupapasa ule mzigo kwa vidole, taratibu, kuanzia juu mpaka chini, mara nyingi. Watu wakainamisha macho. Chande alikuwa bado ndani ya shimo, amegeukia ukuta wa udongo.

Hapo ndipo nilipotoka mbio mpaka kwake.

"Mayu, yuko wapi?"

Hakuna aliyenizuia. Mayu aliinua uso, akaona nilichobeba. Nadhani alielewa kila kitu kwa mara moja, siku zote mbili za kucheka kwangu mwenyewe, sabuni iliyopotea, vyote.

"Yuko hapa," akasema.

Nikaangalia lile shuka. Sikuwa mjinga. Nilikuwa nimewahi kuona ndama waliokufa porini na kilichobaki baada ya kiangazi. Ule ujinga wote niliokuwa nimejijengea kwa miaka miwili uliniacha pale niliposimama, wala sikupiga kelele. Nilichoweza kufanya ni kumpa Mayu shati. Akalichukua, akalikunjua, akalitandaza juu ya shuka, akaiweka vizuri na kola yake.

"Linamtosha?" nikauliza.

"Linamtosha," akasema Mayu.

Walimzika upya nyuma ya nyumba, karibu na zizi. Lile shimo la kwanza lilijazwa mawe, likashindiliwa, na siku tatu baadaye kinu kikafika.

Shule ilifungwa. Watu walitoka vijiji vyote, wengine wamepanda miti. Mbele lilitangulia gari dogo lenye bendera nyekundu na taa inayozunguka. Wakafuata wanaume wenye miti mirefu ya kunyanyulia nyaya. Halafu ardhi ikaanza kutetemeka kwenye nyayo, na kikatokea chenyewe: pipa la chuma lililofunikwa turubai, limelala juu ya trela lenye matairi ambayo kila mtoto aliyahesabu akapata idadi yake. Lori moja lilivuta kwa mbele, lingine lilisukuma kwa nyuma. Kwenye kona yetu walitumia asubuhi nzima. Mbele, nyuma kidogo, simama. Mbele, nyuma kidogo, simama. Msimamizi alipuliza filimbi mpaka midomo ikamkauka. Mkia wa trela ulipoanza kuzunguka, ukapita hewani juu ya uwanja wetu kama bawa, na umati ukashangilia kwa vigelegele. Hata mimi nilishangilia. Nilikuwa mtoto.

Mayu hakushangilia. Vumbi lilipotulia na watu kuufuata mtambo, alitoka ndani akaenda mpaka kwenye alama za matairi. Akasimama juu ya alama ya mwisho kabisa, ile iliyokuwa karibu zaidi na nyumba, akaanza kutembea kuelekea mahali kaburi lilipokuwa, kisigino kikigusa kidole. Nilimhesabia kimoyomoyo. Nyayo kumi na nane.

"Halikukanyaga," akamwambia Baba.

"Mkia ulipita hapo."

"Juu. Mkia ulipita juu. Kaburi lilikuwa chini."

"Wao ndio wenye vipimo, mama Doto. Mimi ningejuaje?"

"Ulipita juu yake kama kivuli," Mayu akasema. "Ungempita tu, mwanangu amelala."

Baba alikaa chini palepale barabarani. Siku tuliyomzika Kulwa mara ya kwanza hakulia, na ya pili hakulia. Siku ile alilia, katikati ya barabara pana iliyotengenezwa kwa ajili ya kinu, na Mayu akampita akaingia jikoni.

Sidhani kama walizungumza vizuri tena. Miaka michache baadaye malisho yakawa shida, Baba akaamua kuhamishia ng'ombe Kasansa, kule bondeni Mpimbwe. Mayu alisema yeye haendi. Alisema kama ni kwenda, atakwenda na Kulwa, na Kulwa hafukuliwi mara ya pili. Baba akaondoka na ng'ombe, akasema atarudi mvua zikianza. Alirudi mara moja, mara mbili, kisha akawa anatuma tu salamu na debe la mpunga. Alikufa hukohuko, katikati ya masika, barabara zimekatika. Habari zilitufikia ameshazikwa. Tuliweka matanga Kakese bila kaburi.

Jumamosi baada ya lile lori kupasuka tairi, nilikwenda Kakese kumwona Mayu. Siku hizi macho yake yamefifia, lakini mikono bado inafanya kazi. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikakaa karibu yake, nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

"Mayu, wakati ule mimi nilifurahi. Nyie mlikuwa mnalia, mimi nafurahi. Nimekuwa nikidhani ile furaha yangu ndiyo iliyofanya mambo yawe vile."

Akaendelea kupepeta.

"Baba yako alikufa anaamini alinilazimisha," akasema.

"Hakukulazimisha?"

"Nilikataa kwa moyo wangu wote, siku moja. Halafu nikawaza: wakimfukua, nitamshika. Ile siku ya kwanza wanawake walinibana mikono, wakasema nitarukwa na akili. Walimzika sijamgusa. Nikaona Mungu amenirudishia. Ndipo nikaenda zizini nikamwambia baba yako nimekubali." Akaweka ungo chini. "Kwa hiyo na mimi nilifurahi, ng'wanawane, mwanangu. Nilifurahi kukushinda."

Nikaokota punje zilizomwagika chini, moja moja.

"Halafu nikaenda kumpimia mwenzangu nyayo barabarani," akasema. "Kosa tulilifanya wawili, nikamwachia yeye alibebe peke yake mpaka Kasansa."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilikuwa nangoja arudi na ng'ombe."

Jumatatu nilifunga kibanda, nikamwacha binti yangu kwa jirani, nikamchukua Mayu tukapanda basi la asubuhi. Alikuwa amevaa vitenge vyake vya kwendea msibani, na njia nzima alishika nguzo ya kiti cha mbele kwa mikono miwili, hakuuliza tumefika wapi. Kule Kasansa jamaa waliochunga pamoja na Baba walitupeleka nyuma ya zizi la zamani, kwenye kilima kidogo cha udongo kilichoota nyasi. Nikamshika Mayu mkono mpaka akagusa. Akaanza kung'oa nyasi, na huku anang'oa akaanza kumweleza Baba, kwa Kisukuma, kuanzia asubuhi ile ya zizini. Mimi nikasogea mbali, kwa sababu yale yalikuwa maneno ya watu wawili.